Maneno ya Uwanjani Mirenge

Watu wa Munisagara walimwita Onesphory mgeni hata baada ya kumwoa Lea, binti wa kwao. Hakuwa mgeni hasa. Alifika shamba la mkonge la Mirenge, upande wa Kilosa, akiwa mgongoni kwa mama yake, wakati baba yake alipoletwa kutoka Songea kwa mkataba wa kukata mkonge. Alikulia kambini. Alisoma kidogo kwa mapadri, na kwa kuwa alijua kuandika na hakuogopa kuzungumza na wazungu, wafanyakazi wa Mirenge walipofungua tawi la chama chao walimchagua awe katibu.

Lea alimfahamu kupitia kwa kaka yake, Yeremia, aliyekuwa fundi wa injini palepale shambani. Injini aliyoitunza Yeremia ndiyo iliyozungusha korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge na kutoa singa, yaani nyuzi zake. Injini hiyohiyo ndiyo iliyovuta maji kutoka mtoni mpaka kwenye tangi la kambi. Mama yao, Paulina, hakuitaka ndoa ile. Onesphory alikuwa Mkatoliki na kwao kulikuwa mbali, mahali ambapo hata ukipata msiba hujui nani akapeleke habari. Yeremia ndiye aliyekwenda nyumbani Munisagara kumsihi mama yake mpaka akakubali. Alimwambia kwamba katika shamba zima hakuna mwanamume anayemwamini kama huyo.

Walikaa vizuri. Jumapili Yeremia, ambaye alikuwa hajaoa, alikuja kula kwa dada yake, na baada ya chakula yeye na shemeji yake walibishana juu ya chama, juu ya Uhuru uliokuwa unakuja, juu ya nani atakayeendesha mashamba wazungu wakiondoka. Lea aliwazoea. Hakuna siku waliyoachana kwa hasira.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, meneja wa Mirenge aliongeza idadi ya mafungu ya majani ambayo mkataji alitakiwa kutoa ili siku yake ihesabiwe. Wakataji walikuwa tayari wanarudi jioni mikono imetoboka kwa miiba. Walikataa. Chama kiliitisha mgomo, na shamba lote likanyamaza. Wanaume walikaa mbele ya nyumba zao wakicheza bao, wanawake wakaenda kulima vishamba vyao vya mahindi, na kwa siku za mwanzo ilionekana kama mambo yangekwisha kwa amani.

Kisha meneja akaleta watu wengine kwa lori, wakisindikizwa na polisi, ili wakate mkonge badala ya wagomaji. Lori lilirushiwa mawe. Askari walipiga watu virungu, mama mmoja akavunjika mkono. Tangu hapo kila mtu aliyeonekana karibu na ofisi alitiliwa shaka.

Maji ya kambi nayo yalikuwa yanakwisha, kwa kuwa injini ilizimwa tangu mgomo uanze. Tangi lilikuwa limebaki na matope chini, na watoto walianza kuharisha kwa maji ya mtoni. Yeremia alikuja nyumbani kwa dada yake mchana, akamkuta Onesphory anakula. Hakukaa.

Alieleza kwamba amezungumza na meneja. Angewasha injini asubuhi, kwa ajili ya maji tu. Mkanda unaounganisha injini na korona ameshaufungua kwa mikono yake mwenyewe na ameuficha. Hata meneja angetaka kuendesha korona, asingeweza.

Onesphory aliacha kula. Akasema hilo haliwezekani. Injini ya Mirenge ilisikika kambi nzima. Watu wakisikia inalia watajua mgomo umevunjika, na hata wale waliokuwa imara wataanza kurudi kazini mmojammoja.

"Basi waambie," Yeremia akasema. "Wewe ni katibu wao. Waambie ni maji."

"Nikiwaambia leo ni maji, kesho meneja atapata sababu nyingine. Usiiwashe, shemeji."

"Watoto wanaumwa."

"Mgomo utakwisha wiki hii. Vumilia."

Yeremia alimtazama dada yake kana kwamba alitaka aseme neno, lakini Lea alikuwa ameshika sahani na hakujua aseme nini kati ya mume na kaka. Yeremia akasema kwamba ataiwasha, akatoka.

Jioni ile kulikuwa na mkutano kwenye uwanja wa mpira. Lea alisimama nyuma na wanawake wenzake. Mwenyekiti wa tawi, Mzee Simoni, alizungumza kwa upole kama kawaida yake, akawataka watu wasiguse lori wala askari. Kisha akasimama Onesphory. Lea alimjua mume wake anapokuwa na hasira: sauti yake haipandi, inashuka, na watu wote hunyamaza ili wamsikie.

Aliwaambia kwamba kuna mtu kati yao anayetaka kuwauza. Akasema, "Kesho injini ikilia, mjue ametuuza. Na mtu aliyewauza wenzake, wenzake wanajua la kumfanya."

Hakumtaja Yeremia. Hakukuwa na haja, maana fundi wa injini alikuwa mmoja. Hakusema lolote juu ya maji.

Lea alingoja mumewe arudi nyumbani ili amuulize, lakini viongozi walikwenda kufanya kikao chao nyumbani kwa Mzee Simoni na yeye akalala peke yake. Asubuhi alipika uji, akautia kwenye kopo na kuupeleka kwa Yeremia, akiwa na nia ya kumsihi aachane na injini ile. Alikuwa bado njiani alipoisikia inaunguruma.

Watu walitoka kila upande. Walimpita mbio, wengine wakiwa na mipini ya majembe, wengine mikono mitupu. Alipofika kwenye nyumba ya injini, Yeremia alikuwa amesimama mlangoni ameinua mikono, anasema kitu, lakini kwa kelele za injini na za watu hakuna aliyemsikia. Alikuwa anaelekeza kidole kwenye bomba la maji. Walimvuta nje. Wengi walimpiga mateke. Mathayo, mkataji mkonge waliyekaa naye mstari mmoja wa nyumba, alikuwa ameokota chuma cha reli ya vigari vya mkonge. Lea aliona uso wake wazi kabisa. Aliona chuma kinapanda na kinashuka kichwani kwa kaka yake, mara moja tu.

Onesphory alifika baadaye, anakimbia, anawasukuma watu na kuwaambia waache. Alipiga magoti akamwinua Yeremia na kumbeba mpaka kwenye zahanati ya shamba, damu ikimtiririka shingoni na kifuani. Injini ilikuwa inaendelea kulia, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuizima. Tangi la kambi lilijaa mpaka likamwagika.

Yeremia alikufa kabla ya jua kutua.

Walimzika Munisagara. Onesphory hakuhudhuria. Polisi walikuwa wamemkamata yeye na Mathayo pamoja na wanaume wengine wawili, wote waliokutwa na damu nguoni, na kuwapeleka mahabusu Kilosa. Mashtaka yalikuwa ya kuua. Kambi nzima ilihojiwa na kambi nzima haikuona kitu. Kila mtu alikuwa nyuma, kila mtu alikuwa amegeuka, kila mtu alisikia tu kelele. Kwa kuwa hakuna aliyetaja mkono uliopiga, polisi, waliofikiwa na minong'ono ya maneno ya mkutanoni, waliukamata mdomo uliosema, na Onesphory akawa mshtakiwa wa kwanza.

Inspekta alimfuata Lea msibani. Alikuwa mtu mwenye adabu, alivua kofia na kumpa pole mama yake kabla ya kusema lililomleta. Alimweleza Lea kwamba yeye ni mke wa mshtakiwa na sheria haimlazimishi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Akitaka kunyamaza, hakuna wa kumgusa. Lea akamjibu kwamba kwa sasa hana la kusema, ana msiba.

Baada ya arobaini alikuja Mzee Simoni. Lea alimpigia magoti na kumwamkia, akampa kigoda. Mzee alizungumza kwa muda mrefu na kwa huzuni ya kweli. Alisema wakili amepatikana kutoka Morogoro na atamwita Lea aseme jambo moja tu: kwamba Onesphory alifika baada ya Yeremia kupigwa. Hilo ni kweli na litamwokoa. Mengine ayaache. Akimtaja Mathayo, atakuwa amemnyonga baba wa watoto. Akiyasema maneno ya uwanjani, serikali itafunga tawi la Mirenge na pengine matawi yote ya wilaya.

"Na kwamba Yeremia aliwasha kwa ajili ya maji?" Lea aliuliza. "Hilo nalo niliache?"

Mzee Simoni alisema hakujua habari ya maji. Wakati huo ndipo Lea alipoelewa kwamba mumewe hakumwambia mtu yeyote, hata mwenyekiti wake.

Alikwenda Kilosa kumwona. Walizungumza kupitia wavu, askari akiwa amesimama pembeni. Onesphory alikuwa amekonda. Alimuuliza hali ya mama, akauliza kama mahindi yamepaliliwa. Mwisho Lea akamwambia alichoambiwa na Mzee Simoni.

"Sema hilo moja," Onesphory akasema.

"Na kaka yangu?"

Onesphory aliinamisha kichwa, na walikaa hivyo mpaka askari akasema muda umekwisha.

Mahakama Kuu ilipokuja kuketi Kilosa, watu wa Mirenge walijaa mpaka barazani. Jaji alikuwa Mzungu mzee mwenye kikohozi, na pembeni yake waliketi wazee watatu wa baraza la kumshauri. Paulina alikuwa mbele, amejifunga kaniki, mikono magotini. Lea aliitwa siku ya pili. Aliapa. Wakili wa mumewe alimuuliza alichokuwa amekuja kuuliza, naye akajibu: ndiyo, Onesphory alifika baadaye, ndiyo, aliwazuia watu, ndiyo, yeye ndiye aliyembeba. Wakili akashukuru na kuketi.

Akasimama mwendesha mashtaka. Alimuuliza kama aliona nani alimpiga marehemu kwa chuma.

Lea alitazama upande wa washtakiwa. Mathayo alikuwa amefumba macho. Mkalimani alidhani hakusikia, akamrudia swali.

"Nilimwona," alisema. "Ni Mathayo."

Kelele zilisikika nje, na karani akawaamuru watu wanyamaze. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama alikuwepo mkutanoni jioni iliyotangulia, na mumewe alisema nini. Angeweza kusema amesahau. Wengine wote walikuwa wamesahau. Aliyarudia maneno kama yalivyosemwa, kwa sauti ileile ya chini, na mkalimani akayapeleka kwa jaji moja baada ya jingine. Jaji akaweka kalamu chini, akauliza mwenyewe kama mume wake alijua kwa nini injini itawashwa.

"Alijua," Lea alisema. "Kaka yangu alimwambia mbele yangu. Ni kwa ajili ya maji. Aliomba watu waambiwe."

Onesphory alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie mle ndani. Hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado mabega yanauma.

Hukumu ilikuja baada ya wiki. Mathayo alionekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miaka kumi na miwili. Wale wengine wawili waliachiwa. Onesphory alifutiwa shtaka la kuua, kwa kuwa ushahidi wa mkewe ulionyesha kwamba hakuwepo na hakukusudia kifo. Lakini kwa maneno aliyoyasema huku akijua ukweli, alifungwa miaka mitano kwa kuchochea fujo. Wakili alimwambia Lea kwamba bila yeye mumewe angeweza kunyongwa. Hakuna mwingine aliyemwambia hivyo.

Kambini walisema amedanganya. Walisema injini iliwashwa kwa ajili ya korona na tangi likajaa tu, kwamba habari ya maji ameitunga ili kumsafisha kaka yake msaliti, na kwamba amemfunga mume wake mwenyewe na kumfunga Mathayo, mtu maskini. Kwenye bomba la maji wanawake waliondoka alipofika. Magreti, mke wa Mathayo, ambaye zamani waliazimana chumvi na moto, alimtemea mate miguuni. Lea alifunga vitu vyake akapanda treni kurudi kwa mama yake Munisagara.

Uhuru ulipokuja alikuwa shambani anapanda. Alisikia ngoma kutoka upande wa stesheni, akaendelea kupanda.

Onesphory alitoka gerezani baada ya kupunguziwa kifungo, mwaka uleule ambao vyama vyote vya wafanyakazi vilivunjwa na kuwekwa kimoja cha taifa, na mgomo ukawa jambo ambalo sheria imelifunga kwa minyororo. Alishuka kwenye treni Munisagara akiwa na kifurushi kimoja. Lea alimkuta ameketi kwenye benchi la stesheni, hajui kama aende au angoje.

"Nilidhani hutakuja," alimwambia.

"Hata mimi," Lea akajibu. Alichukua kifurushi chake, wakaenda.

Paulina alikuwa uani anapepeta mchele. Onesphory alisimama mbali kidogo kama mkwe anavyopaswa, akasema, "Shikamoo, mama." Paulina aliendelea kupepeta. Siku ya pili alisalimia tena, na ya tatu. Wiki zilipita. Alimlimia shamba, akamwezekea banda la mbuzi. Paulina alikula mahindi aliyoyalima, wala hakumjibu salamu.

Siku moja ya mvua Onesphory alishindwa kuvumilia. Alimfuata jikoni, akapiga magoti mlangoni na kumwomba msamaha. Alisema kila kitu: kwamba Yeremia alimweleza, kwamba aliogopa mgomo utavunjika, kwamba alitaka watu wamtishe tu, asiwashe. Alilia. Lea alikuwa ndani, akasikia yote.

Paulina alikoroga chungu chake mpaka mtu yule alipomaliza. Kisha akasema naye kwa mara ya kwanza tangu atoke gerezani.

"Uliyasema uwanjani, watu wote wanasikia. Haya unaniletea jikoni?"

Akasukuma kuni motoni.

"Mwanangu mmoja amezikwa anaitwa msaliti. Huyu mwingine anaitwa mwongo. Mimi najua walivyo. Nenda kawaambie hao wasiojua."

Lea alimwambia mumewe kwamba halazimiki. Amekwisha kulipa kwa sheria. Onesphory alisema sheria ilimuuliza alichosema. Mama anamuuliza alichoficha.

Walikwenda wote wawili Jumapili moja, kwa treni, halafu kwa miguu. Uwanja wa Mirenge ulikuwa uleule. Kulikuwa na mkutano wa chama kipya, na Mzee Simoni, ambaye sasa alikuwa hafanyi kazi tena, alikuwa amewekwa mbele kwa heshima. Onesphory alimwamkia na kuomba nafasi. Mzee alimwambia kwa sauti ndogo kwamba mambo hayo yameshapoa, ayaache. Onesphory akasema hayajapoa kwake. Kijana aliyekuwa anaongoza mkutano hakumjua, akadhani ni mfanyakazi wa zamani anayetaka kutoa salamu, akampa nafasi.

Safari hii alipaza sauti ili hata wa nyuma wasikie.

Alisema jina lake. Alisema kwamba Yeremia, fundi wa injini, hakuwauza. Mkanda wa korona aliufungua kabla, na injini aliiwasha ili watoto wa kambi wapate maji. "Nilijua," alisema. "Alikuja nyumbani kwangu akaniambia, akaomba niwaeleze. Sikuwaeleza. Nilisimama hapa nikawaambia ametuuza. Mke wangu aliyoyasema mahakamani ni kweli tupu, na mimi niliwaacha mmwite mwongo."

Watu wengi walikuwa wapya na walitazamana tu. Mmoja alicheka. Lakini waliokuwepo siku ile waliinamisha macho, na mzee mmoja wa chumba cha brashi, aliyekuwa akisafisha singa tangu enzi za Mjerumani, alivua kofia yake na kubaki ameishika.

Kisha Magreti akasimama katikati ya wanawake. Alikuwa amezeeka upesi.

"Na mume wangu?" aliuliza.

"Mume wako alinisikia mimi," Onesphory alisema.

"Wewe umetoka. Yeye bado yuko ndani."

Onesphory alimwendea. Alisimama mbele yake mpaka Magreti mwenyewe alipogeuka na kuondoka uwanjani na mtoto wake. Kijana wa chama akasema waendelee na mambo mengine. Lea na mume wake walitoka. Njiani mwanamke mmoja katika wale waliomkimbia bombani, ambaye jina lake Lea alikuwa ameshalisahau, aliwakimbilia akamshika Lea mkono kwa nguvu, akauachia, akarudi.

Walifika nyumbani kesho yake. Paulina alimwita Lea peke yake, akamwambia amweleze neno kwa neno. Lea alimweleza, pamoja na aliyecheka, pamoja na Magreti. Mama yake aliuliza kama alimtaja Yeremia kwa jina. Lea akasema alimtaja, na kwa sauti kubwa. Aliuliza kama watoto wa Magreti ni wengi. Lea akasema ni watatu.

Paulina aliinuka, akachota mahindi kutoka ghalani, akafunga mfuko.

"Mwambie mumeo ampelekee yule mama," alisema. "Na akirudi aje tukasafishe kaburi la Yeremia. Majani yamekuwa marefu, na mimi mgongo unaniuma kuinama peke yangu."